Flavonoidi za mimea na kifo cha seli za saratani

Miongoni mwa wazungumzaji wa Kiswahili wa Maskati, Unguja, Mombasa na Dar es Salaam, kuna habari moja inayorudi mara kwa mara kwa sura mpya: mmea fulani umethibitishwa kuwa unaua seli za saratani. Leo ni majani ya mkunazi, kesho ni maganda ya komamanga, keshokutwa ni mlonge. Habari hizo hupita katika ujumbe wa simu, hufika hadi Soko la Mutrah, na mwishowe humfikia mgonjwa aliyetoka hospitalini na karatasi ya majibu mkononi.

Aghlabu chanzo cha habari hizo ni utafiti wa kweli. Maabara nyingi duniani, zikiwemo za Omani na nchi jirani, zimeshuhudia seli za saratani zikifa baada ya kumwagiwa dondoo za mimea, na mara nyingi kemikali zinazotajwa ni zile zinazoitwa flavonoidi. Lakini kuua seli ni kazi nyepesi. Hata siki na maji ya moto huua seli. Kazi ngumu ni kuchagua ipi ife na ipi iachwe, na kufanya hivyo ndani ya mwili wa binadamu aliye hai.

Makala haya yanaeleza namna seli inavyokufa, namna flavonoidi zinavyoingilia kifo hicho, na kwa nini safari kutoka jani hadi dawa huwa ndefu.

Kifo kilichopangwa

Mwili wa mtu mzima hupoteza mabilioni ya seli kila siku, na mwenyewe hahisi chochote. Seli hizo hufa kwa kufuata mpango ulioandikwa ndani ya jeni zao. Mwaka 1972, John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie, waliofanya kazi pamoja katika Chuo Kikuu cha Aberdeen huko Scotland, waliupa mpango huo jina la apoptosisi. Neno hilo ni la Kiyunani, na maana yake ni kupukutika, kama majani yanavyopukutika mtini.

Kifo hiki ni tofauti na kile cha seli iliyoungua au iliyokosa hewa. Seli iliyojeruhiwa huvimba, hupasuka na kumwaga vilivyomo, na sehemu inayoizunguka huwaka na kuuma. Seli inayokufa kwa apoptosisi hunywea, hukata jeni zake vipande vipande, hugawanyika kuwa vifurushi vidogo, kisha humezwa na seli za kinga pasipo fujo. Ya kwanza ni mfano wa nyumba iliyoshika moto. Ya pili ni nyumba inayobomolewa na fundi, anayeshusha paa, akang'oa milango, akaondoa nguzo, na kuacha kiwanja kisafi.

Mpango huo ulifahamika kwa undani kupitia mnyoo mdogo wa udongoni, mwenye urefu wa milimita 1 tu. Wanasayansi walizihesabu seli za mwili wake tangu yai hadi utu uzima: huzaliwa seli 1,090, na kati ya hizo 131 hufa kwa ratiba isiyobadilika. Kwa kazi hiyo Sydney Brenner, mzaliwa wa Afrika Kusini, pamoja na Robert Horvitz wa Marekani na John Sulston wa Uingereza, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2002.

Milango miwili ya kifo

Seli huweza kuingia katika kifo hiki kwa milango miwili.

Mlango wa ndani umo katika mitokondria, vile viwanda vidogo vinavyoipa seli nguvu. Kuta zake hulindwa na protini za kundi la Bcl-2. Seli inapopata hitilafu kubwa, kwa mfano jeni zake zinapoharibika, protini nyingine zinazoitwa Bax na Bak hutoboa kuta hizo. Hapo saitokromu C, ambayo kwa kawaida ni mtumishi wa kuzalisha nguvu, huvuja nje na kuwa ishara ya mauti. Ishara hiyo huamsha vimeng'enya viitwavyo kaspasi: kwanza kaspasi 9, kisha kaspasi 3, ambayo ndiyo mkasi unaoikata seli.

Mlango wa nje umo juu ya ngozi ya seli. Huko kuna vipokezi ambavyo wataalamu huviita vipokezi vya kifo. Seli za kinga zinapogusa vipokezi hivyo, kaspasi 8 huamka, na kazi huishia kwa mkasi ule ule.

Msimamizi mkuu wa ukaguzi ni protini iitwayo p53. Seli ikiharibika, p53 huisimamisha ijirekebishe, na ikishindikana huiamuru ife. Katika takriban nusu ya saratani zote za binadamu, jeni ya p53 imeharibika. Katika saratani nyingine, Bcl-2 imezidi kiasi. Mwaka 1988 David Vaux na wenzake huko Melbourne, Australia, walionyesha kwamba Bcl-2 huzifanya seli ziendelee kuishi mahali ambapo zilistahili kufa. Ugunduzi huo ulibadilisha fikra kuhusu saratani. Mbali na kuzaliana kupita kiasi, seli ya saratani ni seli iliyokataa amri ya kufa, na dawa inayoirejesha katika utii inaweza kuwa tiba.

Flavonoidi ni nini?

Flavonoidi ni kundi la kemikali zinazotengenezwa na mimea. Jina lake limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya rangi ya njano. Zote hujengwa juu ya mifupa ya kaboni 15: pete mbili zilizounganishwa na daraja la kaboni tatu. Zinazojulikana ni zaidi ya 6,000. Mmea huzitumia kujikinga na jua kali, kupambana na wadudu na ukungu, na kuyapa maua na matunda rangi.

Binadamu huzila kila siku. Kwesetini hupatikana kwa wingi katika vitunguu, apijenini katika maua ya babunaji, hesperidini katika machungwa na ndimu, jenisteini katika soya, anthosianini katika choya na komamanga, na katekini katika chai ya kijani. Mwaka 1936 mwanasayansi wa Hungaria Albert Szent-Györgyi alidhani kuwa amepata vitamini mpya na kuiita vitamini P. Jina hilo liliachwa baadaye, kwa sababu mtu asipokula flavonoidi haugui ugonjwa wa upungufu kama anavyougua akikosa vitamini C.

Inafaa kutaja pia zisizokuwamo katika kundi hili, maana sokoni huchanganywa. Asidi za ubani wa Dhofar, thaimokwinoni ya habasoda na yujenoli ya karafuu si flavonoidi. Manjano ya bizari yana kurkumini, ambayo ni jamaa wa mbali tu. Kila moja ina tabia yake, na ushahidi wa moja hauwezi kutumika kuitetea nyingine.

Jinsi zinavyoisukuma seli

Zikimwagwa juu ya seli za saratani katika maabara, flavonoidi hufanya mambo kadhaa kwa wakati mmoja. Baadhi hupunguza kiasi cha Bcl-2 na kuongeza Bax, hivyo mizani ya mitokondria ikaelemea upande wa kifo. Baadhi huzuia vimeng'enya vinavyopeleka ndani ya seli amri ya kuishi na kuzaliana. Kwesetini na apijenini zimeonekana kuongeza vipokezi vya kifo juu ya seli, hata mlango wa nje ukafunguka kwa wepesi. Nyingine huiimarisha p53 pale ambapo bado ni nzima.

Njia nyingine huwashangaza wengi. Flavonoidi husifiwa kwa kuondoa sumu za oksijeni, lakini zikizidi kiasi huweza kuzizalisha. Seli ya saratani, kwa kuwa hufanya kazi kwa kasi, tayari imebeba mzigo mkubwa wa sumu hizo. Ikiongezewa kidogo, mzigo huishinda, mitokondria hutoboka na kaspasi huamka. Seli nzima yenye mzigo mdogo inaweza kuvumilia zaidi. Hapo ndipo penye matumaini ya watafiti, na ndipo penye shaka pia, kwa sababu uvumilivu huo una kikomo.

Mmea wenye jina la Maskati

Milima ya Omani ina mmea mdogo wenye harufu na uchungu ambao Waomani huuita jaada. Jina lake la kisayansi ni Teucrium mascatense, yaani Teucrium ya Maskati, alilopewa katika karne ya 19 na mtaalamu wa mimea wa Uswisi, Edmond Boissier. Katika tiba za asili jaada hutumika kwa homa na kisukari.

Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Falme za Kiarabu na wenzao wa Chuo Kikuu cha Nizwa, nchini Omani, walichapisha katika jarida la Molecules matokeo ya uchunguzi wao juu ya mmea huo. Dondoo zake ziliziua seli za saratani ya matiti na za saratani ya mlango wa kizazi, na kaspasi zilionekana kushiriki. Hiyo ilikuwa alama kwamba kifo kile kilifuata mpango wa apoptosisi. Ni kazi ya kisayansi yenye thamani, na inaonyesha kwamba ardhi ya Omani ina mimea inayostahili kuchunguzwa.

Lakini ukoo wa Teucrium una kisa kingine, nacho kilitokea Ufaransa. Huko binamu wa jaada, Teucrium chamaedrys, ulijulikana kwa miaka mingi kama mmea wa chai usio na madhara. Ulipotiwa katika vidonge vya kupunguza unene, watu walianza kufika hospitalini macho yakiwa manjano na maini yakiwa yameharibika. Mwaka 1992 serikali ya Ufaransa iliupiga marufuku. Mwaka 1997 watafiti wa nchi hiyo walieleza kilichotokea, baada ya kuzichunguza seli za ini la panya: kemikali za mmea huo, zilizo za kundi jingine na flavonoidi, ziligeuzwa sumu na ini lenyewe, na seli za ini zikafa. Zilikufa kwa apoptosisi.

Kisa hicho hakiitii hatiani jaada ya Omani. Kinachofundisha ni kwamba kifo kile kile kinachosherehekewa katika seli ya saratani kinaweza kuipata seli nzima ya ini, na kwamba mmea mmoja hubeba kemikali nyingi zenye nia tofauti. Anayechemsha jani hachemshi flavonoidi peke yake.

Kutoka sahani ya maabara hadi mwilini

Seli nyingi zinazotumika katika tafiti hizi zimekuwa zikikuzwa maabara kwa miongo mingi. Zile ziitwazo HeLa zilitoka katika uvimbe wa Henrietta Lacks, mama wa Kimarekani mweusi aliyefariki Baltimore mwaka 1951, na zilichukuliwa bila idhini yake. Huishi katika sahani za plastiki, zikiogelea katika maji ya chakula. Hazina ini la kuisafisha dawa, wala utumbo wa kuichuja, wala mishipa ya damu.

Katika sahani hizo flavonoidi humwagwa kwa viwango ambavyo aghlabu ni mara kumi hadi mara mia ya vile vinavyopatikana katika damu ya mtu aliyekula chakula chenye flavonoidi. Anapozila, sehemu kubwa haifyonzwi. Inayofyonzwa hukamatwa na utumbo na ini, ikafungwa pamoja na sukari au salfa, na kutolewa kwa mkojo na nyongo. Kinachobaki kikizunguka katika damu mara nyingi si kemikali ile iliyojaribiwa.

Kuna kasoro nyingine iliyoripotiwa mwaka 2000 na Barry Halliwell na wenzake. Kemikali za namna hii, zikitiwa katika maji ya kukuzia seli, huungana na oksijeni na kutoa haidrojeni peroksaidi, dawa ile ile inayotumika kuchubua nywele. Hivyo baadhi ya seli zilizosemwa kuwa zimeuliwa na mmea huenda ziliuliwa na peroksaidi iliyozaliwa ndani ya sahani.

Zilipojaribiwa kwa wagonjwa

Baadhi ya flavonoidi zimevuka hatua hiyo na kufika kwa wagonjwa, na matokeo yake yanafaa kusomwa kwa makini.

Nchini Uingereza, jaribio lililochapishwa mwaka 1996 liliwapa wagonjwa wa saratani kwesetini kwa sindano ya mshipa. Kiwango kilichopendekezwa mwishoni kilikuwa miligramu 1,400 kwa kila mita mraba ya mwili, yaani zaidi ya gramu 2 kwa mtu mzima wa kawaida. Kwa kuwa gramu 100 za vitunguu huwa na takriban miligramu 20 hadi 40 za kwesetini, dozi hiyo ni sawa na kilo 6 hadi 12 za vitunguu, tena zilizoingia zote katika damu. Dalili njema zilionekana kwa wagonjwa wawili tu. Kilichozuia dozi kuongezwa kilikuwa madhara kwa figo.

Mfano wenye matumaini zaidi ni wa chai ya kijani. Mwaka 2004 watafiti wa Mayo Clinic nchini Marekani walionyesha kuwa katekini yake kuu, EGCG, huzisababishia apoptosisi seli za aina moja ya saratani ya damu inayokwenda polepole. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2013, wagonjwa 42 wa ugonjwa huo, ambao walikuwa bado hawajahitaji tiba, walipewa dondoo maalumu yenye EGCG. Kwa karibu theluthi moja yao, idadi ya seli za ugonjwa ilipungua kwa asilimia 20 au zaidi na kubaki hivyo kwa muda. Ni badiliko la kweli ndani ya miili ya watu. Hata hivyo, hakukuwa na kundi la kulinganisha, na dondoo hiyo haikuwa tiba rasmi.

Umuhimu wa kundi la kulinganisha ulidhihirika katika kisa cha komamanga. Mwaka 2006 watafiti wa Los Angeles waliripoti kwamba wanaume waliokunywa maji ya komamanga baada ya kutibiwa saratani ya tezi dume walipata ahueni kubwa katika kipimo cha damu kinachofuatilia ugonjwa huo. Dunia nzima ilishangilia, na wauzaji pia. Mwaka 2015 jaribio kubwa zaidi, ambamo wengine walipewa kinywaji kilichofanana lakini kisicho na komamanga, halikuonyesha tofauti ya maana.

Ipo pia flavonoidi iliyoundwa upya na wanakemia kutokana na kemikali ya mti wa Kihindi, ikaitwa flavopiridoli. Ilikuwa ya kwanza katika jamii ya dawa zinazozuia vimeng'enya vya mzunguko wa seli kujaribiwa kwa binadamu. Katika baadhi ya wagonjwa wa saratani ya damu iliua seli kwa wingi na kwa ghafla, hata mabaki yake yakahatarisha maisha yao. Kikwazo hapo kilikuwa nguvu iliyozidi.

Mimea iliyofika hospitalini

Wanaodai kwamba hospitali huidharau mimea hawajaitazama Afrika Mashariki yenyewe.

Vinka, ua la waridi lenye asili ya Madagaska ambalo watu wa pwani hulipanda uani kama pambo, lilipelekwa maabara nchini Canada katika miaka ya 1950 kwa sababu lilisifiwa kutibu kisukari. Sukari haikushuka, lakini chembe nyeupe za damu za panya zilishuka. Kutokana nalo zilipatikana vinblastini na vinkristini, dawa zinazozuia seli isigawanyike hadi ikalazimika kufa. Vinkristini iliidhinishwa Marekani mwaka 1963. Nayo ni miongoni mwa dawa zilizotumika Mulago, Kampala, kuwatibu watoto wenye limfoma ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958. Kituo kilichofunguliwa huko mwaka 1967 ndicho chimbuko la Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Kisa cha pili ni cha Kwale. Katika miaka ya 1970, takriban tani 27 za mmea uitwao Maytenus buchananii zilivunwa katika Milima ya Shimba, nchini Kenya, kwa ajili ya Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani. Ilitafutwa maitansini, kemikali yenye nguvu kubwa dhidi ya seli za saratani. Waliporudi miaka minne baadaye, wavunaji walikuta mimea michache iliyochipua upya. Wakati huo huo, majaribio kwa wagonjwa yalishindwa: dozi iliyoua saratani iliwadhuru mno wagonjwa.

Maitansini iliokolewa na wazo jipya. Jamaa yake alifungwa kwenye kingamwili inayotambua aina fulani ya saratani ya matiti, ili sumu ifunguliwe ndani ya seli inayokusudiwa tu. Dawa hiyo, trastuzumab emtansine, iliidhinishwa Marekani mwaka 2013, na sumu yake sasa hutokana na kemikali inayotengenezwa na bakteria, si na miti ya Shimba. Ilichukua zaidi ya miaka arobaini tangu kemikali hiyo ilipotambuliwa mwaka 1972. Nguvu ya kuua ilikuwepo tangu siku ya kwanza. Miaka yote hiyo ilitumika kutafuta namna ya kuchagua.

Vinkristini na maitansini si flavonoidi, lakini njia zilizopita ndiyo njia ile ile inayozingojea flavonoidi za leo.

Hatari ya kuchanganya

Wengine husema kwamba mmea, hata usipoponya, hautadhuru. Ushahidi hauungi mkono kauli hiyo.

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California walitazamia kwamba chai ya kijani ingeisaidia bortezomibu, dawa ya saratani ya uboho. Waliona kinyume chake: EGCG iliikamata dawa hiyo na kuizuia isifanye kazi, katika seli na katika panya. Mwaka 1999 watafiti wa Ubelgiji waliripoti kwamba tanjeretini, flavonoidi ya machenza, iliipokonya tamoksifeni nguvu yake katika panya wenye uvimbe wa matiti. Tamoksifeni hutumiwa na wanawake wengi duniani waliotibiwa saratani ya matiti. Hii haina maana kwamba mgonjwa asile chenza. Ina maana kwamba vidonge vya dondoo iliyokolezwa ni jambo jingine kabisa na tunda mezani.

Balungi nalo huzuia kimeng'enya kinachovunja dawa nyingi mwilini, hivyo dozi ya kawaida ikageuka dozi kubwa. Kuhusu ini, Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilisema mwaka 2018 kwamba vidonge vyenye miligramu 800 au zaidi za EGCG kwa siku huhusishwa na dalili za kuumia kwa ini.

Hatari kubwa kuliko zote ni wakati unaopotea. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, uliochapishwa mwaka 2018, uliwafuatilia wagonjwa 281 wenye saratani ambazo hazijasambaa, waliochagua tiba mbadala peke yake. Walilinganishwa na wenzao waliopata tiba ya kawaida. Uwezekano wa kufa ulikuwa mara mbili na nusu zaidi kwa waliochagua tiba mbadala, na kwa wenye saratani ya matiti ulizidi mara tano. Hao walikuwa watu ambao ugonjwa wao uligunduliwa mapema, wakati ambapo wengi hupona.

La kumwambia daktari

Katika hospitali za Maskati, kama katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road mjini Dar es Salaam, wagonjwa wengi hutumia mitishamba kimya kimya. Wengine huona haya, wengine huogopa kukaripiwa, na wengine hawaoni kama jani la nyumbani ni dawa ya kutajwa. Ukimya huo humfanya daktari apime damu, aone ini limechoka, na kuilaumu dawa isiyo na kosa, pengine hata kuisimamisha.

Mgonjwa au jamaa yake anaposikia kwamba mmea fulani unaua saratani, maswali machache yatamsaidia kupima habari hiyo. Je, umejaribiwa kwa watu, au kwa seli na panya tu? Ikiwa ni kwa watu, walikuwa wangapi, na walilinganishwa na nani? Kilichotumika ni jani zima, au kemikali iliyosafishwa na kupimwa? Iliingia mwilini kwa njia gani? Na je, anayeuza yuko tayari kumwona mgonjwa aendelee na matibabu ya hospitali? Anayemtaka ayaache amejibu maswali yote kwa mara moja.

Vitunguu, makomamanga, machungwa na chai vitabaki kuwa chakula chema, na mgonjwa mwenye hamu ya kula aachwe ale, isipokuwa kile alichokatazwa na daktari wake. Watafiti wa Nizwa, Maskati na kwingineko wataendelea kuichunguza mimea ya milimani, na huenda siku moja jaada au mwenzake akatoa kemikali itakayofika hospitalini. Ikifika, itakuwa imepimwa kiwango chake, imejulikana madhara yake na imethibitishwa kuwa inajua kuchagua. Mgonjwa wa leo hana miaka arobaini ya kuisubiri. Tiba iliyokwisha kupita majaribio hayo imo katika hospitali iliyomwandikia miadi, na miadi hiyo ina tarehe.